Kijani Hicho ni cha Nani? Madai Sita Kuhusu Mabwawa ya Kigali

Julai 2022 bustani ya Nyandungu ilifunguliwa rasmi: hekta zipatazo 120 za ardhi oevu kati ya wilaya za Gasabo na Kicukiro, bonde ambalo kwa miaka mingi lilipokea taka na maji machafu ya mji. Mwaka huohuo Kigali iliingia katika orodha ya miji inayotambuliwa na Mkataba wa Ramsar kwa kutunza ardhi oevu. Kazi ya kufufua mabonde imeendelea Gikondo, ambako viwanda viliondolewa, na pia Rwampara, Kibumba, Rugenge-Rwintare na Nyabugogo.

Pamoja na mabwawa yamekuja maneno. Ukikaa kijiweni Nyamirambo, ukipanda basi la Remera, ukibaki kwenye mkutano unaofuata umuganda, yaani kazi ya jamii ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, utasikia watu wakiyatolea maji hukumu: haya yamekufa, haya ni safi, hili lifukiwe, lile liwekewe samaki. Wengi wana nia njema, na baadhi yao ndio wanaoamua fedha ziende wapi. Ndiyo sababu madai yao yanastahili kujibiwa, moja baada ya jingine.

Shahidi wangu mkuu ni planktoni, yaani viumbe wanaoelea majini wasio na nguvu ya kushindana na mkondo. Kuna wanaojitengenezea chakula kwa jua: mwani wa kijani, diatomu zenye maganda ya silika, na sianobakteria. Kuna na wanyama wanaowala hao: rotifa, viroboto maji na kopepoda, ambao wengi wao hawafiki urefu wa milimita mbili. Hao ndio wanaoamua bwawa litakuwaje, na karibu kila dai nililolisikia linawasahau.

Dai la kwanza: “Maji ya kijani ni maji yaliyokufa”

Mfugaji wa sato atakushangaa ukimwambia hivyo. Katika mabwawa ya samaki, kuanzia Kigembe kusini mwa Rwanda hadi Kajjansi ya Uganda na Sagana ya Kenya, samadi humwagwa majini makusudi ili mwani uote, wanyama wadogo wapate kula na samaki washibe. Kipimo chake hakihitaji kifaa. Tumbukiza mkono ulionyooka. Kiganja kikitoweka machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, chakula kipo. Kiganja kikiendelea kuonekana, bwawa lina njaa.

Kijani, basi, ni dalili ya uhai mwingi, na pengine uhai uliopita kiasi. La kuuliza ni kijani hicho ni cha nani. Mwani wa kijani wa chembe ndogondogo huliwa na karibu kila mnyama wa planktoni. Microcystis, sianobakteria anayeishi kwa makundi yenye utelezi, ni mkubwa mno kwa kinywa cha kiroboto maji. Ana vifuko vya hewa vinavyomwinua hadi juu palipo na mwanga, na baadhi ya aina zake hutengeneza sumu inayoshambulia ini.

Kigali inamfahamu jirani huyo. Mto Nyabugogo unatoka Ziwa Muhazi, ziwa refu na jembamba lenye matawi mengi, mashariki mwa mji. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, Rose Mukankomeje, ambaye baadaye aliongoza Mamlaka ya Mazingira ya Rwanda, REMA, alilichunguza ziwa hilo pamoja na wenzake, na matokeo yakachapishwa mwaka 1993. Waliotawala planktoni ya Muhazi walikuwa Microcystis aeruginosa na Ceratium hirundinella, kiumbe wa chembe moja mwenye pembe. Mavuno ya sato yalikuwa yameporomoka tangu miaka ya 1950, na ilikuwa rahisi kuitupia rangi ya maji lawama zote.

Ila Ziwa George la Uganda linapinga. Lilikuwa la kijani mwaka mzima, kijani cha Microcystis, na bado lilikuwa na uvuvi mkubwa wa sato. Mwaka 1973 mtafiti Moriarty alieleza sababu: tumbo la sato wa Naili hutoa asidi kali kiasi cha kuzivunja chembe za sianobakteria na kuzimeng’enya. Maji yaliyoonekana kufa yalikuwa yakilisha watu.

Dai hili lina punje moja ya ukweli. Mwani hutoa oksijeni mchana, lakini usiku nao huitumia sawa na viumbe wengine. Bwawa lililoshiba mwani kupita kiasi huweza kuishiwa oksijeni alfajiri, na hapo utaona samaki wakihema juu ya maji. Anayetaka kulijua bwawa la kijani aende saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijaficha deni la usiku.

Dai la pili: “Maji maangavu ni salama, na ndiyo yenye uhai zaidi”

Kwa uhai, tazama Ziwa Kivu. Ukisimama ufukweni Rubavu au Karongi utayaona maji yake maangavu. Uangavu huo ni ishara ya njaa ya tabaka la juu. Kivu lina kina cha mita 485, na chini ya mita 60 au 70 hakuna oksijeni. Huko chini zimerundikana gesi za methani na kaboni dioksidi pamoja na akiba kubwa ya virutubisho ambavyo haviufikii mwanga. Upepo wa kiangazi cha Juni hadi Septemba unapochanganya maji kwa kina zaidi, sehemu ya akiba hiyo hupanda, diatomu huongezeka, kisha wanyama wanaozila nao huongezeka. Uhai wa Kivu unakwenda na pumzi hiyo ya kila mwaka, na jicho la mtalii haliioni.

Kwa usalama, dai ni la hatari zaidi. Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, hujishikiza kwenye miili ya kopepoda, na kopepoda huishi hata katika maji yanayong’aa. Rita Colwell na wenzake walilitumia jambo hilo huko Bangladesh: akina mama waliochuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa walipunguza kipindupindu vijijini mwao kwa takriban nusu, kulingana na matokeo yaliyotolewa mwaka 2003. Kitambaa kile hakikuzuia bakteria anayeogelea peke yake. Kilichozuiwa ni kopepoda aliyembeba. Njia ileile ya kuchuja ilisaidia kuwatoa watu katika mateso ya mnyoo wa Guinea, ambao kiluwiluwi chake hukaa ndani ya kopepoda kikingoja kunywewa. Uganda ilithibitishwa kuwa huru na mnyoo huo mwaka 2009, Kenya mwaka 2018.

Wapo watakaosema: mimi nachemsha, sina shida. Kuchemsha huua bakteria na kopepoda, na kila nyumba inayoteka maji yasiyotibiwa inapaswa kuchemsha. Sumu ya Microcystis, hata hivyo, haivunjiki kwa kuchemshwa jikoni. Mwaka 1996 mjini Caruaru, Brazili, zaidi ya wagonjwa 50 wa figo walifariki baada ya mashine za kusafishia damu kutumia maji ya bwawa yenye sumu hiyo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu moja ya mikrosistini-LR, mojawapo ya sumu hizo, kwa lita ya maji ya kunywa. Maji yenye utando wa kijani juu yasitekwe kabisa, yachemshwe au yasichemshwe.

Dai la tatu: “Bwawa dogo halina kitu, viumbe wako Akagera na Nyungwe”

Kwa tembo na sokwe wa hifadhi hizo, sawa. Kwa viumbe wa maji baridi, hesabu inageuka. Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza walilinganisha mito, vijito, mitaro na mabwawa katika eneo la mashamba kusini mwa nchi hiyo. Mto mmoja mmoja ulikuwa na spishi nyingi kuliko bwawa moja moja, lakini mabwawa yote yalipojumlishwa yaliipita mito, na ndiyo yaliyokuwa na spishi nyingi adimu. Sababu ni kwamba maji ya mto yanachanganyika na kufanana kutoka mahali hadi mahali, ilhali kila bwawa lina tabia yake.

Peleka fikra hiyo katika mabonde yetu. Kando ya Mto Nyabarongo kuna mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali, yenye maji mekundu yasiyopenya mwanga. Mita chache tu kutoka hapo kuna kidimbwi chini ya kivuli cha mafunjo, maji yake ya rangi ya chai kwa sababu ya majani yaliyooza. Kuna bwawa la samaki lililotiwa samadi, na kuna beseni la zege la kupokea maji ya mvua ya barabara. Pima chumvi, mwanga, virutubisho na maadui wa kila moja, utakuta nchi nne. Rotifa wanaostawi katika moja huweza kukosekana kabisa katika jingine. Ukifukia moja kwa kuwa “yako mengine”, huenda umefukia wasiopatikana katika hayo mengine.

Hata ndani ya bwawa moja kuna fumbo. Mwaka 1961 mwanaikolojia G. Evelyn Hutchinson aliuliza inakuwaje spishi nyingi za planktoni ziishi pamoja katika maji yaleyale, zikigombea mwanga na virutubisho vilevile, bila mmoja kuwafukuza wengine. Jibu mojawapo ni kwamba hali haitulii muda wa kutosha kwa mshindi kumaliza kazi: mvua hushuka, tope hupanda, jua huchoma, mlaji huja, na zamu hubadilika. Bwawa dogo hubadilika haraka kuliko ziwa, ndiyo maana wakazi wake hupokezana haraka.

Wala kukauka si mwisho wake. Kiangazi kirefu kinapokausha dimbwi, rotifa wengi, viroboto maji na baadhi ya kopepoda huacha mayai yenye ganda gumu ndani ya tope, yakisubiri mvua. Katika mabwawa ya Rhode Island, Marekani, Nelson Hairston na wenzake walitoa mayai ya kopepoda kwenye tope na kuyaangua. Baadhi yalikuwa na umri wa zaidi ya miaka 300. Mayai ya namna hiyo husafiri kwa miguu ya bata na korongo, na kwa kwato za ng’ombe. Mkandarasi anayekwangua tope lote la bonde na kulipeleka jalalani ili “asafishe” amebeba na mbegu za jamii nzima.

Dai la nne: “Bwawa ni mazalia ya mbu, lifukiwe tu”

Hili ndilo dai lenye uchungu wa kweli nyuma yake, kwa sababu malaria inaua. Lakini mbu si kabila moja, na kila mmoja ana chaguo lake la maji. Anopheles gambiae, mwenezaji mkuu wa malaria katika ukanda wetu, hupenda vidimbwi vidogo, vipya, vilivyo wazi juani: alama za kwato, matairi yaliyochora barabara ya udongo, shimo la matofali lililoachwa juzi, mifereji ya mashamba. Hapendi kukaa na majirani. Katika bwawa lililokomaa wapo watoto wa kereng’ende, kunguni wa maji, samaki wadogo, na viroboto maji wanaogombea chakula na viluwiluwi. Dimbwi la wiki moja halina hata mmoja wao.

Kabale, ng’ambo tu ya mpaka wetu wa kaskazini, pamechunguzwa kwa makini. Mwaka 2000 Kim Lindblade na wenzake walilinganisha vijiji vilivyo kando ya vinamasi vya asili vya mafunjo na vijiji vilivyo kando ya vinamasi vilivyokwishalimwa. Kwenye vinamasi vilivyolimwa hewa ilikuwa na joto zaidi, na idadi ya Anopheles gambiae ndani ya nyumba iliendana na joto la chini kabisa la siku. Kwenye nyanda za juu kama zetu, digrii moja ya ziada hupunguza siku ambazo mbu na kimelea vinahitaji ili kukomaa. Mafunjo yalikuwa yakiweka kivuli. Jembe liliondoa kivuli.

Wapo hata planktoni wanaokula viluwiluwi vya mbu. Nchini Vietnam, Brian Kay na Vu Sinh Nam walitumia kopepoda wa jenasi Mesocyclops katika matangi ya maji, na katika makala yao ya mwaka 2005 walionyesha jinsi jamii nyingi zilivyomwondoa kabisa Aedes aegypti, mbu wa homa ya dengi. Ndugu wa kopepoda hao wanaishi Ziwa Kivu na katika maji mengi ya Afrika Mashariki. Hawamalizi malaria, maana kidimbwi cha kwato hukauka kabla hawajafika, lakini uwepo wao unaonyesha bwawa lina ulinzi wa ndani.

Mpinzani ana hoja moja nzito: Anopheles funestus, naye mwenezaji wa malaria, hupenda maji ya kudumu yenye majani. Bwawa la mjini linahitaji kingo zenye mteremko mkali kiasi, majani ya ukingoni yakipunguzwa, na samaki wachache wa asili, huku vyandarua na unyunyiziaji majumbani vikiendelea. Kulifukia hakuondoi maji ya bonde. Yatatafuta pengine pa kukaa, na mara nyingi yatakaa katika vidimbwi vidogo vya juani, palepale anapopapenda gambiae.

Dai la tano: “Weka samaki, maji yatajisafisha”

Jaribio kubwa la dai hili lilifanyika mlangoni petu. Kabla ya mwaka 1958 Ziwa Kivu halikuwa na samaki wa kuishi katikati ya maji na kula planktoni. Kati ya mwaka huo na 1960 watoto wa dagaa waliletwa kutoka Tanganyika. Wa aina mbili walimwagwa. Mmoja tu, Limnothrissa miodon, ndiye aliyeshika. Wenyeji humwita sambaza. Leo mitumbwi ya kuvulia hutoka jioni ikiwa imeunganishwa mitatumitatu, taa zikiwaka, na samaki huyo amekuwa kitoweo kutoka Rusizi na Bukavu hadi Goma na masoko ya Kigali.

Sambaza hula kwa macho: huona mnyama, humchagua, humdaka. Kwa hiyo huanza na wakubwa. Katika Kivu mkubwa alikuwa kiroboto maji Daphnia curvirostris, mchujaji hodari wa mwani. Akatoweka. Mwaka 1986 Henri Dumont wa Ubelgiji alionya kwamba huenda Afrika imejitengenezea janga jingine la ikolojia: mla mwani ameondolewa, na samaki wenyewe wangekosa chakula na uvuvi ungeporomoka.

Pascal Isumbisho wa Bukavu na wenzake waliporudi kuhesabu, takriban nusu karne baada ya sambaza kuingia, walikuta picha yenye pande mbili. Mchujaji mkubwa hakuwepo kweli, na planktoni ya wanyama ilitawaliwa na kopepoda wadogo, Thermocyclops na Mesocyclops. Lakini uvuvi haukuwa umekufa, na kupanda na kushuka kwa wanyama hao kulifuata sana kupanda na kushuka kwa mwani wakati wa kiangazi. Chakula kutoka chini kilikuwa na sauti kubwa, pamoja na meno ya kutoka juu.

Ndiyo maana somo la Kivu linawakataa wote wawili, anayesema sambaza waliliua ziwa na anayesema samaki husafisha maji. Walichofanya ni kubadilisha jamii yake: mnyama mmoja muhimu alitoweka, watu wakapata kitoweo. Ni biashara iliyokuwa na bei, na bei yake ililipwa bila kuulizwa.

Sasa weka hesabu hiyo katika bwawa la bustani la kina cha mita mbili. Ukimwaga humo mamia ya vifaranga wanaokula planktoni, wataanza na viroboto maji, yaani wafyekaji wa mwani ulio nao. Mwani utapumua. Samaki wanaochimbua tope, kama kambare, watainua fosforasi iliyokuwa imelala chini. Halafu wageni watawatupia mkate, na mkate nao utageuka mbolea. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na maji ya kijani zaidi na samaki waliodumaa. Kama samaki wanatakiwa, wawe wachache, wa asili ya bonde hilo, na wawekwe baada ya kujua nani anakula nani humo.

Dai la sita: “Viwanda vimeondoka, mafunjo yamepandwa, kazi imekwisha”

Kuondoa viwanda Gikondo kulikuwa uamuzi mgumu na sahihi. Risasi, mafuta na rangi havina nafasi kwenye bonde. Lakini kinachogeuza bwawa kuwa la kijani hutoka zaidi majumbani na mashambani kuliko kwenye dohani.

Ushahidi wake ni wa kupigiwa mfano. Mwaka 1973 David Schindler na wenzake waliligawa ziwa dogo nambari 226 huko Ontario, Kanada, kwa pazia. Upande mmoja walitia kaboni na nitrojeni. Upande wa pili walitia hizohizo pamoja na fosforasi. Upande wenye fosforasi uligeuka kijani kwa sianobakteria, na mwingine ukabaki ulivyo. Picha yake kutoka angani ilisaidia kubadilisha sera za sabuni na maji taka Amerika Kaskazini.

Fosforasi ya Kigali hutoka wapi? Nyumba nyingi bado zinategemea mashimo ya vyoo na mashimo ya kunywesha maji taka ardhini, huku mfumo wa pamoja wa kusafisha maji taka ukijengwa Giticyinyoni. Juu ya miteremko kuna bustani za mboga zenye samadi na mbolea ya dukani. Kuna maji ya kufulia na ya kuoshea magari. Kila mvua ya Aprili huchukua tone hapa na chembe pale. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kipo bondeni. Udongo mwekundu unaoipa Nyabarongo rangi yake hausafiri mtupu. Fosforasi hujigandisha kwenye chembe za udongo, na mmomonyoko huileta yote kwa pamoja.

Mafunjo husaidia kweli. Hupunguza mwendo wa maji, hukamata tope, na hunyonya virutubisho kwa kasi kubwa. Rugezi, kaskazini mwa nchi, ni shahidi wa uzito wake: kinamasi hicho cha hekta 6,735, kilichoandikishwa Ramsar mwaka 2005, kilikuwa kimekaushwa sehemu kwa kilimo, na mapema miaka ya 2000 maji ya Ziwa Burera, linalolishwa na kinamasi hicho, yalipungua hadi umeme wa kituo cha Ntaruka ukayumba. Kilimo kilipoondolewa, maji yalirudi. Lakini kilichoponywa Rugezi zaidi ni mtiririko wa maji. Kwa virutubisho, mafunjo ni ghala, na ghala lisilotolewa kitu hujaa. Shina likizeeka likaanguka na kuoza, fosforasi yake inarudi majini. Anayetaka mafunjo yasafishe lazima ayavune kwa zamu na kuyatoa bondeni: yasukwe mikeka, yatengenezwe mboji ya mashamba ya juu, yatumike kwa kuni zilizoshindiliwa. Bustani isiyo na bajeti ya kuvuna imenunua miaka michache tu.

Kinachoyaunganisha madai haya

Madai yote sita yanatolewa na mtu aliyesimama ukingoni akitazama rangi, ukubwa au majani. Hakuna kati ya hivyo kinachokuambia nani yumo majini, anakula nini na analiwa na nani. Na majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua iwapo bwawa litalisha, litazalisha mbu, litatoa sumu au litakaa miaka hamsini.

Kuyapata hakuhitaji maabara ya mamilioni. Kunahitaji wavu wa planktoni wenye matundu ya mikromita hamsini hivi, sahani nyeusi na nyeupe ya kupimia uangavu wa maji, chupa, matone ya iodini ya Lugol ya kuhifadhia sampuli, na hadubini ya kawaida ya shule ya sekondari. Hitaji kubwa zaidi ni nidhamu: mahali palepale, saa ileile, kila mwezi, kupita masika, vuli na viangazi vyote viwili, na matokeo yakaandikwa mahali ambapo wengine watayaona. Kituo cha umahiri cha bayoanuwai cha Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichopo Huye, kinaweza kufundisha wanafunzi kuwatambua viumbe hao na kutunza takwimu. REMA inaweza kuziomba kabla mradi wowote wa bonde haujaanza.

Sharti ni moja na ni rahisi kuandikwa katika mkataba wa mkandarasi: bwawa lolote la umma lisifukiwe, lisikwanguliwe tope, lisipuliziwe dawa wala kuwekewa samaki kabla ya kuwa na hesabu ya mwaka mmoja ya viumbe wake. Gharama yake ni ndogo, na sharti hilo litawalazimu wenye hukumu za haraka, wa kijiweni na wa ofisini, kuleta ushahidi mezani.